Mtandao Hakuna, Lakini Mtandao Upi?

Ukishuka mlima Sekenke ukitokea Singida, ukaikata mbuga ya Wembere, mji wa kwanza wenye ukubwa unaokupokea ndani ya Mkoa wa Tabora ni Igunga. Ni mji wa pamba na mifugo, na wa malori yanayokwenda Nzega na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Kando ya barabara hiyo vibanda vya mawakala wa pesa vimepangana, na vibandani humo, kama ilivyo kwenye dirisha la benki, kaunta ya zahanati na ofisi ya kata, kuna jibu moja ambalo mteja hulipokea na kuondoka bila kuuliza zaidi: mtandao hakuna.

Jibu hilo linatosha kumrudisha mtu kijijini na karatasi zake mkononi. Halitoshi kumweleza kilichoharibika. Mnara umezima? Bando limekwisha? Mitambo ya kampuni huko Dar es Salaam imekwama? Au wakala hana floti na anaona haya kusema? Yote manne yanaitwa mtandao. Ukitoka nje ya kibanda, neno hilohilo linafanya kazi nyingine kabisa. Wanasiasa wana mtandao, majambazi wana mtandao, wakulima wana mtandao, Serikali imekuwa mtandao, na kijana aliyevaa tai anayekuuzia virutubisho vya kupunguza unene naye anasema anafanya biashara ya mtandao.

Wapo wanaoliona hili kuwa umaskini wa Kiswahili, na wapo wanaoliona kuwa utajiri wake. Kabla ya kuchagua upande inafaa tulifuate neno lenyewe tangu lilikotoka, maana sehemu ya mkanganyiko wa leo imo katika namna lilivyoundwa.

Asili: kutanda kwanza, kufuma baadaye

Mzizi ni tanda. Mawingu hutanda, giza hutanda, ukungu hutanda. Kutokana na kitenzi hicho tumepata tandika, tandaza, kitanda, mtandio wa kujifunika kichwani, utando unaoganda juu ya uji uliopoa, na tandabui, yaani nyumba ya buibui. Katika miaka ya 1990 ukoo huo ulizaa mtoto mwingine wa kisiasa, utandawazi.

Wafumaji wa nguo walikuwa na matumizi yao mahususi ya kitenzi hiki. Kwao kutanda ni kuzinyoosha nyuzi za urefu kwenye kitanda cha mfumi kabla kazi yenyewe haijaanza. Nyuzi hizo huitwa mtande, na zile zinazopitishwa kwa kukatisha huitwa mshindio. Baada ya kutanda ndipo hufuata kufuma, na kutokana na kufuma tumepata neno mfumo. Kwa hiyo karani anayebabaika kati ya kusema mtandao unasumbua na mfumo umekwama anachagua, pasipo kujua, kati ya hatua mbili za kazi ileile ya zamani.

Unyamwezi haikuwa ngeni kwa kazi hiyo. Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, wote wawili waliandika kwamba Wanyamwezi walikuwa na vitanda vya kufumia na walitengeneza nguo za pamba wenyewe. Misafara iliyopita njia ya kutoka pwani ndiyo iliyowaletea ushindani: merikani iliyotoka Marekani, kaniki ya India, majora juu ya vichwa vya wapagazi. Nguo za kuja zilishinda. Pamba bado inalimwa Igunga, ila huchambuliwa na kusafirishwa ikiwa marobota, na msamiati wa mfumi umehamia kwenye simu.

Tahadhari moja hapa. Mtandao tunaoutaja leo haukuundwa moja kwa moja na kutanda kwa mfumi, umeundwa na kutandaa, yaani kuenea. Tofauti ni herufi moja lakini si ndogo. Kutanda kuna mtendaji: kuna mtu ameshika uzi. Kutandaa hakuna: kitu kimeenea, basi. Vivyo hivyo mfumo, kwa kuwa umetoka kwa kufuma, unamkumbusha msikilizaji kwamba kuna aliyefuma. Mtandao hauna mwenyewe. Tabia hiyo ya kisarufi inafaa sana kwa mtu wa kaunta asiyetaka kulaumiwa, na tutairudia.

Kukopa kwa mafundi si jambo la Waswahili peke yao. Waingereza walipohitaji majina ya teknolojia hizi waliyachukua kwa wavuvi wa nyavu na kwa buibui, na Tim Berners-Lee alipobuni mfumo wa kurasa zilizounganishwa huko CERN, Geneva, mwaka 1989, jina lililokuja kushika lilikuwa la buibui.

Mfano wa neno simu

Kabla ya mtandao, neno lililobeba mzigo wa namna hii lilikuwa simu. Asili yake ni Kiajemi, ambamo lina maana ya fedha na pia ya waya. Lilifika pwani, likapanda bara pamoja na waya wenyewe. Tabora iliunganishwa kwa waya wa Wajerumani kabla ya reli, nayo reli ilifika 1912. Wakati huo kupeleka simu ni kupeleka ujumbe mfupi wa maandishi, wala si kuzungumza. Baadaye simu ikawa mazungumzo, kisha chombo cha mezani, kisha kile kinachokaa mfukoni. Neno moja, maana nne, na bado wazee wetu hawakuchanganyikiwa. Walichofanya ni kuliongezea mikia: simu ya maandishi, simu ya upepo, simu ya mezani, simu ya mkononi. Juzi tu imeongezwa simujanja.

Anayedai kwamba neno lenye maana nyingi lazima livunjwe ana kazi ya kueleza kwa nini simu haikuvunjwa.

Mtandao kabla ya intaneti

Wengi hudhani mtandao ni tafsiri ya intaneti iliyoazimwa na wanasiasa. Mpangilio wa miaka unaonyesha kinyume. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulianzishwa 1993, wakati ambapo Mtanzania wa kawaida hakuwa amesikia intaneti ni nini. Mwaka huohuo lilizaliwa shirika la TGNP, ambalo Watanzania wanalifahamu kama Mtandao wa Jinsia. Wahandisi nao walikuwa na mtandao wa barabara na mtandao wa mabomba ya maji. Maana ya msingi, basi, ilikuwa mambo au watu walioenea sehemu nyingi huku wakiwa wameshikana.

Siasa ililipa neno harufu yake. Kundi lililompigania Jakaya Kikwete ndani ya CCM kuelekea uchaguzi wa 2005 liliitwa mtandao, na wafuasi wake wanamtandao. Hapa Igunga ina nafasi ya pekee, kwa sababu mbunge wake wa miaka hiyo, Rostam Aziz, alitajwa mara kwa mara miongoni mwa vinara wa kundi hilo, na wakati huohuo alikuwa mwanahisa mkubwa wa Vodacom Tanzania. Sijui jimbo jingine nchini ambalo mbunge wake alihusishwa kwa wakati mmoja na mitandao miwili, mmoja wa kura na mmoja wa minara. Alijiuzulu ubunge Julai 2011, na uchaguzi mdogo wa 2 Oktoba mwaka huo ulilifanya jina la Igunga litajwe kila siku magazetini kwa wiki kadhaa.

Tangu wakati huo neno halijatakata sawasawa. Mkuu wa polisi akisema amevunja mtandao, hakuna anayedhani amekata nyaya.

Maneno ya njia ile ya kale ya misafara yana desturi ya kugeuka hivyo. Hongo ilikuwa ushuru halali ambao misafara ililipa kwa watemi ili ipite katika nchi zao, na kiwango chake kilijadiliwa mchana kweupe. Leo hakuna anayeitoa mchana.

Maana zinazogongana leo

Kampuni za simu za mkononi zilianza kazi nchini 1994 na Mobitel. Vodacom ikaingia 2000, Celtel 2001, na Halotel 2015 ikiwa na minara mingi vijijini. Katika kipindi hicho neno mtandao lilipata maana tatu mpya zilizokaa karibu mno. Ya kwanza ni mawimbi: mtandao unashika, mtandao haushiki. Ya pili ni kampuni yenyewe: unatumia mtandao gani? Ya tatu ni intaneti: nimeiona mtandaoni. Mtu mmoja anaweza kutumia zote tatu katika sentensi moja, kwa mfano akikwambia kwamba mtandao wake hauna mtandao mzuri ndiyo maana hayupo mtandaoni. Ataeleweka, ingawa haipendezi.

Kisha Serikali ikaingia. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza 2012, na kwa sheria ya 2019 ikawa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Hapa mtandao limekuwa kama kivumishi kinachomaanisha shughuli iliyohamishiwa kwenye kompyuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika 1 Septemba 2015, imelichukua neno hilohilo kwa maana ya makosa yanayotendwa kwa kutumia kompyuta na simu. Kwa hiyo uhalifu wa mtandao ni jambo moja na mtandao wa uhalifu ni jambo jingine, na mwandishi wa habari aliyechoka akigeuza mpangilio amebadilisha kosa la mshtakiwa.

Mgongano wenye gharama kubwa zaidi umo katika biashara. Biashara ya mtandao, kwa wanaoifanya, ni ile ya kuuza bidhaa kwa kuandikisha watu chini yako, nao waandikishe wengine, na kamisheni ipande ngazi hadi juu. Biashara ya mtandaoni ni kuuza vitu kwa intaneti, iwe kitenge au mbegu za vitunguu. Herufi mbili za mwisho ndizo zinazotenganisha duka na ngazi ya wanachama. Mtu wa Ziba au Choma anayealikwa kwenye semina ya biashara ya mtandao anaweza kwenda akidhani atafundishwa kuuza kwa simu, kumbe anatakiwa alete kiingilio na ndugu zake wawili. Nchi hii imekwisha kuonja upatu. Mwaka 2009 upatu wa DECI ulianguka na fedha za watu wengi walioambiwa wapande mbegu. Wakati huo mambo yalifanyika kwa daftari. Sasa yanafanyika kwa programu ya simu, na neno mtandao, kwa kuwa linanukia teknolojia, linaupa upatu sura ya maendeleo.

Siku ambazo kitu kilikatika kweli

Matukio mawili yanaonyesha kwa nini suala hili si la wanaisimu peke yao.

Mei 2021 mfumo wa LUKU wa kununulia umeme ulikwama kwa siku kadhaa. Watu walikuwa na pesa kwenye simu, minara ilikuwa hewani, intaneti ilifanya kazi, lakini tokeni hazikutoka, na nyumba zikakaa gizani. Mitaani lilisemwa lilelile, mtandao wa LUKU haupo. Kosa lilikuwa kwenye mitambo ya TANESCO yenyewe, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliwasimamisha kazi maofisa wa shirika hilo. Mwananchi aliyehamia laini ya kampuni nyingine akitafuta nafuu alihangaika bure.

Tarehe 12 Mei 2024 ikawa kinyume chake. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi kadhaa za ukanda huu. Kupiga simu hakukutegemea nyaya hizo, wala kutuma pesa kwa menyu ya nyota na reli hakuhitaji intaneti ya simu yako, kwa kuwa menyu ile husafiri kwenye njia za kawaida za mnara. Lakini kwa mtu aliyejua neno moja tu, siku ile mtandao ulikatika, na kilichokatika kwake ni kila kitu.

Tazama basi kilichopo mezani kwa wakala. Vitochi vitatu au vinne vimefungwa mipira ya manjano, kila kimoja na laini ya kampuni yake, pembeni daftari la miamala lililopinda pembe. Mteja anataka kuweka au kutoa shilingi 80,000. Muamala unaanzishwa. Kama vijiti vya mawimbi juu ya kioo havipo, mnara umezima: umeme umekatika, au jenereta limeishiwa mafuta, au kifaa kimeharibika. Kama vijiti vimejaa na simu inapigika lakini menyu haifunguki, mnara ni mzima na tatizo liko mbele zaidi, kwenye mfumo wa kampuni. Kama menyu inafunguka na muamala unakataa kwa ujumbe wa maandishi, ujumbe huo husema sababu, na mara nyingi ni salio. Kama yote yanakwenda na wakala bado anatikisa kichwa, hana noti kwenye droo. Kuyatofautisha haya hakumchukui dakika moja.

Kila moja kati ya hali hizo ina mwenyewe. Ubora wa mawimbi ni wa kampuni, na juu yake iko TCRA, mamlaka ya mawasiliano iliyoanzishwa 2003. Kijiji ambacho kampuni zinaona hakilipi kinaangukia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kazi yake ni kutoa ruzuku ya kujenga minara pasipo na faida. Pesa zilizokwama njiani ni za kampuni chini ya usimamizi wa Benki Kuu, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Umeme una TANESCO na EWURA. Mfumo wa ofisi ya Serikali una taasisi yake. Mlalamikaji mwenye neno moja tu, mtandao, hajui aanzie mlango gani, na kila mlango unaweza kumwambia si hapa.

Kambi nne

Kambi ya kwanza inasema neno liachwe. Hoja yake ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Lugha haiongozwi na kamati, muktadha unatosha, na mfano wa simu upo. Zaidi ya hapo, mtandao ni neno la Kibantu lililokubalika lenyewe, limeingia kwenye sheria, shule na taarifa ya habari, na kulifukuza kutoka sehemu yoyote kati ya hizo ni kujisumbua. Udhaifu wake ni kwamba muktadha unatosha kwa wenye kujua tu. Msikilizaji asiyejua vitu vilivyo nyuma ya neno hawezi kuvitenganisha kwa kulisikia neno. Tena mfano wa simu unageuka dhidi ya kambi hii ukiutazama vizuri, maana simu ilinusurika kwa kuongezewa mikia, na mtandao wa kaunta hausemwi kwa mkia.

Kambi ya pili inataka kazi zigawanywe: mtandao ubaki kwa mawimbi na muunganisho, intaneti iitwe intaneti, na mitambo ya ofisi iitwe mfumo. Mgao huu tayari unatumika kwa kiasi. Watu husema nimenunua bando la intaneti, na makarani husema mfumo uko chini, ingawa hilo la pili ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, kwani mfumo ukikwama haujashuka popote. Faida ya kambi hii ni kwamba haibuni kitu, inapanga yaliyopo. Kasoro ni kwamba Serikali yenyewe imelitumia mtandao kwa maana pana kwenye majina ya sheria na taasisi, na huwezi kumwambia mwananchi mtandao ni mawimbi tu huku mbele yake kuna bango la Serikali Mtandao.

Kambi ya tatu hutaka istilahi mpya. Kumekuwa na mdahalishi kwa intaneti, na wavuti kwa kurasa zake. Kwa kompyuta kuna tarakilishi na ngamizi, na kwa simu ya mkononi rununu. Kenya imezishikilia baadhi shuleni na magazetini, na mwanafunzi wa Kenya hushangaa Mtanzania akishindwa kujua rununu ni nini. Juhudi hizi zina heshima yake. Bila watu kukaa chini na kuunda maneno, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam usingetoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Lakini neno huishi kwa kutumiwa na mtu mwenye haraka. Muuza vocha wa Igunga hakuwahi kupewa sababu ya kusema mdahalishi, na mtu asiye na sababu habadili.

Kambi ya nne haina wanazuoni, ila ina watu wengi. Hukopa tu. Vijana husema netiweki, wakifupisha neti. Uganda ni hivyohivyo, na katika Kiswahili cha Goma na Bukavu husemwa rezo, kutoka Kifaransa. Mkopo una ubora mmoja ambao hatuusemi sana: kwa kuwa neno la kigeni halina ukoo nyumbani, halileti maana za jirani. Rezo ya Goma haikumbushi kitanda wala ukungu. Gharama yake ni kwamba kila neno kama hilo linamtenga bibi wa Nkinga anayeelewa kutandaa bila kufundishwa, na linaacha Kiswahili kikigawanyika kwa mipaka ya wakoloni, Kiingereza huku na Kifaransa kule.

Kuzipima

Kambi ya nne naiondoa mapema, si kwa sababu ya usafi wa lugha, bali kwa kuwa hailitatui tatizo. Netiweki hakuna ni jibu bovu sawasawa na mtandao hakuna.

Kambi ya tatu ilishindwa Tanzania kwa sababu ya wakati. Maneno yake yalifika watu wakiwa wamekwisha kutoa majina. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo kisheria tangu 1967 na kazi yake ya kusanifu istilahi haina mbadala, lakini teknolojia hii iliingia Igunga kwa mkono wa mchuuzi, na mchuuzi hakungoja kikao. Somo hilo ni la istilahi zijazo, hasa hizi za akili mnemba, ambazo bado zinatafuta makazi. Kwa mtandao muda umepita.

Zinabaki mbili za mwanzo, na hapa nadhani mjadala umekuwa ukiwekwa mahali pasipofaa. Wanaotetea neno wanatetea lugha, wanaolilaumu wanalaumu lugha, na kwa kweli lugha haina kosa. Mtandao ni neno zuri, lenye ukoo mkubwa. Linapotumika kwa jumla, kama katika mitandao ya kijamii au Serikali Mtandao, halimdhuru mtu. Linadhuru mahali pamoja tu, pale linapotumika kuwa sababu. Mtu anaposema mtandao hakuna kueleza kwa nini hukupewa huduma, analitumia neno lisilo na mtendaji kuifunika hali yenye mtendaji.

Ndiyo sababu naona kambi ya pili ina haki nusu. Hakuna haja ya kulibana neno kila mahali, kwenye hotuba, kwenye jina la shirika, kwenye mazungumzo ya stendi. Haja ipo kwenye huduma. Pale kaunta mgao unapaswa kuwa mkali: mnara umezima, intaneti imekatika, mfumo wa kampuni fulani umekwama, salio langu halitoshi, sina fedha taslimu. Sentensi tano fupi, zote za Kiswahili cha kila siku, hakuna inayohitaji kamusi. Katika biashara nako tofauti ya mtandao na mtandaoni haitoshi kumlinda mtu, kwa hiyo ile ya kuandikisha wanachama iitwe kwa kazi yake, biashara ya kuandikishana, na ikivuka mipaka ya sheria iitwe upatu, jina ambalo mahakama na wananchi wote wanalielewa.

Kuna pingamizi la haki. Wakala hana mshahara, anaishi kwa kamisheni, na kumtaka awe fundi wa kuchunguza hitilafu ni kumwongezea kazi bila malipo. Tena anayekiri hana floti hupoteza mteja kwa jirani. Pingamizi hili ni la kweli, na ndiyo maana mzigo hauwezi kuanzia kwake. Kampuni ndizo zinazojua mfumo umekwama saa ngapi, na zina uwezo wa kumtumia kila wakala ujumbe mfupi wa maneno kumi kwa gharama isiyofikia hata kamisheni ya muamala mmoja. Ofisi za umma zina uhuru mkubwa zaidi, kwani hazina jirani wa kuzinyang'anya wateja, na mtu aliyelipa nauli kutoka Igurubi kufuata cheti au namba ya malipo ana haki ya kujua kama arudi mchana huuhuu au wiki ijayo.

Kwa hiyo BAKITA iache mtandao ulivyo kwenye kamusi, na maana zote ziorodheshwe. TCRA iwaagize watoa huduma wataje aina ya hitilafu na saa ilipoanza. Halmashauri ya Wilaya ya Igunga haihitaji kibali cha yeyote kati yao kubandika mlangoni karatasi inayosema ni mfumo upi umekwama, tangu saa ngapi, na ofisi ipi inaurekebisha. Ianze na hilo.